Darasa la watoto 90: namna ya kumfikia hata yule asiyenyoosha mkono

Walimu wenzangu habari za majukumu. Hii naiandika kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi, hasa sisi wa huku Dodoma, uwe uko mjini Chang'ombe au Nkuhungu, uwe uko Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa huko ndani, ambae asubuhi ukiingia darasani unakuta vichwa 80 au 90 wakati kiwango kinasema watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wameletwa shule kwa wingi na ni jambo jema sana, ila madarasa na walimu hawajaongezeka kwa kasi hiyo, na mji wetu nao umejaa watu tangu serikali ihamie. Ndo maana kila ikitajwa elimu jumuishi, yani kila mtoto hata mwenye ulemavu asome na wenzie, na mbinu bunifu utamsikia mwalimu anasema hayo ni mambo ya shule zenye watoto 20 na projekta ukutani.

Mimi sikubaliani kabisa. Ninachokiona kinafanya kazi hakihitaji hata umeme. Kinahitaji ujue kwa majina ni watoto gani somo lako haliwafikii, na kwanini, alafu ubadili namna unavyouliza, unavyowakalisha na unavyowagawa. Na mwenye darasa kubwa ndo anaeyahitaji haya kuliko wote, maana kwenye watoto 90 mtoto anaweza kukaa kimya kuanzia Januari mpaka Desemba akapandishwa darasa na hakuna aliyemsikia akisoma hata sentensi moja.

Kwanza wajue

Wiki mbili za mwanzo wa muhula usikimbilie mada. Chukua kaunta buku, chora safu: jina, nyumbani wanaongea lugha gani, anaona ubaoni, anasikia, anasoma kiwango gani, anatoka umbali gani. Hiyo kaunta buku ndo zana yako kubwa mwaka mzima.

Macho ni rahisi kuyapima. Andika ubaoni herufi E chache zikiangalia pande tofauti, nyingine juu, nyingine chini, kushoto, kulia, kubwa kisha ndogo. Mtoto asimame hatua kama sita kubwa kutoka ubaoni, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, akuonyeshe kwa mkono ile herufi inaangalia wapi, kisha jicho la pili. Hata asiyejua kusoma anaweza. Hiki sio kipimo cha hospitali, ni cha kukuonyesha nani asogezwe mbele leo na nani aandikiwe kwenda kwa mtaalamu wa macho. Huku kwetu usilidharau hili, Kongwa inajulikana miaka mingi kwa ugonjwa wa vikope, yani trakoma, na vumbi, nzi na uhaba wa maji vyote tunavyo. Mtoto anaejikuna macho kila saa na anaekunja uso akiangalia ubao, andika jina lake.

Masikio nayo hivyo hivyo. Simama nyuma yake, taja kwa sauti ya chini vitu anavyovijua, mbuzi, kuni, maji, arudie. Angalia pia sikio linalotoa usaha, wengi wanakaa nalo miezi na nyumbani wanaona ni kawaida, kumbe mtoto anapoteza usikivu taratibu na sisi tunamwita mkaidi.

Ukiongea na mzazi usimuulize "mtoto wako ana ulemavu?" Atakujibu hapana, hata kama unamuona mtoto mwenyewe anachechemea, maana hilo neno lina aibu nyingi majumbani. Muulize: anaona vizuri? Anasikia ukimuita kwa mbali? Anatembea bila shida? Anakumbuka ulichomtuma? Anajivalisha mwenyewe? Akiongea watu wa nje ya nyumbani wanamuelewa? Kwa maswali hayo mzazi anakufungukia mwenyewe bila kuona anahukumiwa.

Alafu kusoma. Hapa usikisie kwa kuangalia daftari, kuna watoto wana mwandiko mzuri balaa na hawawezi kusoma walichonakili. Andaa karatasi moja ya manila yenye silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne na kahadithi kafupi. Muite mmoja mmoja kwenye meza yako au chini ya mti wakati wengine wanachora au wananakili zoezi. Akishindwa silabi ishia hapo, muandike "silabi". Akipita endelea. Dakika mbili kwa mtoto zinatosha, kwa watoto 90 ni saa tatu, ukizigawa kwenye asubuhi sita ni nusu saa tu kila siku. Jiandae kisaikolojia, unaweza kukuta kwenye darasa la nne wapo walioganda kwenye silabi.

Kuwagawa kwa kiwango, bila kuwapa majina mabaya

Ukishajua nani yuko wapi, kuna njia iliyoanzia India kwenye shirika la Pratham na baadae ikaenea nchi nyingi za Afrika, ya kufundisha mtoto pale alipo. Kila siku kwa muda maalumu, tuseme saa moja, watoto wanaacha madarasa yao na kukaa kwa kiwango cha kusoma au kuhesabu. Wa darasa la tatu, la nne na la tano wanachanganywa: wa silabi wote kwa mwalimu mmoja, wa maneno kwa mwingine, wa aya na hadithi kwa mwingine. Saa ikiisha kila mtu anarudi darasani kwake na ratiba inaendelea kama kawaida. Ongea na mtaaluma wa shule aiweke kwenye ratiba, na walimu wawili watatu wakikubaliana inatosha kuanza.

Mambo mawili hapo. La kwanza, makundi yasiwe jela, pima tena kila baada ya wiki chache, anaevuka anahama siku hiyo hiyo na darasa linampigia makofi. La pili, usiyaite A, B, C, sembuse "wazito" na "wepesi". Yaite Mbuyu, Mkwaju, Mzabibu. Na mwalimu mwenye uzoefu kuliko wote apewe kundi la silabi. Shule nyingi zinafanya kinyume, bingwa anapewa la saba kwa ajili ya mtihani na mgeni wa ajira mpya anaachiwa wadogo wasiojua kusoma, na hapo ndo tunapoharibu kila kitu.

Badili namna unavyouliza

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu mwalimu akibadili kesho, nachagua hiki.

Tazama somo la kawaida: mwalimu anauliza, mikono saba inanyooka, ileile ya jana, anachaguliwa mmoja, anajibu, "mpigieni makofi", tunaendelea. Watoto 83 hawajafikiri chochote. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, kwenye miaka ya 1970 alirekodi walimu darasani akakuta wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe. Walipojizuia mpaka sekunde tatu na kuendelea, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Sekunde tatu! Haigharimu hata shilingi. Uliza, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo, ukimya utakukera siku za mwanzo alafu utauzoea.

Kwahiyo fanya hivi. Kata vipande vya boksi, andika jina la kila mtoto, weka kwenye kopo. Marufuku kunyoosha mkono. Uliza swali kwanza, wape muda wafikiri, waambie kila mmoja amweleze jirani yake jibu na sababu, dakika moja, kisha ndo uchomoe jina. Kile kitendo cha kuongea na jirani kwanza ndo kinamuokoa mtoto mwoga, maana akisimama anasema kitu alichokwisha kukijaribu, na hata akisema "sisi tuliona hivi" aibu inagawanyika kwa wawili.

Nikupe mfano wa sehemu, darasa la nne. Andika ubaoni: mama ana debe la mtama, bibi anapewa robo ya debe, shangazi anapewa theluthi. Nani kapata mtama mwingi? Wape sekunde zao. Waambie wapige kura kwa vidole vikiwa kifuani ili wasiangaliane, kidole kimoja bibi, viwili shangazi. Utaona msitu wa kidole kimoja, kwasababu nne ni kubwa kuliko tatu, ndo akili ya mtoto inavyokwenda. Usiseme kitu. Usikunje hata uso. Waambie geukeni muelezane. Sasa mpe kila mmoja ukanda wa karatasi, wa daftari la zamani tu, vipande viwili vyenye urefu sawa, kimoja akikunje kipate sehemu nne sawa, kingine sehemu tatu sawa, avipange pamoja kwenye dawati. Zunguka usikilize. Utasikia mtoto anamwambia mwenzie "we! ukigawa kwa wengi kila mtu anapata kidogo", na hiyo sentensi kwa mdomo wa mtoto inaingia kuliko nusu saa ya maelezo yako. Piga kura tena. Alafu chomoa majina, na muulize aliyebadili mawazo amebadilishwa na nini.

Na asieona au mwenye uoni hafifu kwenye somo hilohilo? Anaushika ule ukanda, anaupapasa mikunjo, anapima kwa vidole. Hakuhitaji somo lake peke yake, somo lilikuwa la kushikika tangu mwanzo, na wenzie wanaoona nao wamefaidika.

Kelele zitakuwepo, watoto 90 wakiongea ni kelele kweli. Wazoeshe ishara moja: unapiga makofi kwa mdundo wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, wao wanajibu mdundo, na mikono yote juu, kimya. Mdundo kwa wanaosikia, mikono kwa asiesikia, asibaki anaongea peke yake wenzie wakamcheka.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, muombe fundi seremala mabaki ya hadibodi, kata vibao vidogo, paka rangi ya ubao, kimoja kwa watoto wawili. Unauliza, wanaandika, wanainua wote kwa pamoja. Kwa jicho moja unajua nani kapata na nani bado, hapo hapo, sio wiki ijayo ukisahihisha. Na fimbo iache ofisini. Kanuni zenyewe zinasema anaechapa ni mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa nae kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, ila hata ukiacha kanuni, mtoto anaeogopa kuchapwa akikosea hatokuonyesha alipokwama, na kama huoni alipokwama unafundisha gizani.

Lugha ya nyumbani

Mtoto wa darasa la kwanza wa huku ndani anaweza kuja anaongea Kigogo tu. Kondoa atakuja na Kirangi, Chemba kuna Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, na haifanani hata kidogo na Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiswahili, sawa, hilo linajulikana, ila mtoto kumueleza jirani yake kwa Kigogo kisha wote wawili wakasema kwa Kiswahili sio kosa, ni ngazi. Wakalishe anaejua Kiswahili na anaejifunza pamoja. Kwenye KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, anza na maneno ya vitu vilivyopo kwao, mtama, uwele, mlenda, ng'ombe, kabla ya kufika kwenye meli na bahari. Ukiingia darasani na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, utaona nyuso zinavyofunguka, hasa kwa wewe mgeni uliyepangiwa kutoka mikoa mingine. Na ile tabia ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwasababu kaongea lugha ya kwao, naomba tuiache kabisa, inamfundisha kunyamaza.

Watoto wenye ulemavu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma na wenzie, kwahiyo akiletwa mpokee, usimjibu mzazi "huyu sio wa hapa". Mengi ya kufanya ni tabia zako wewe mwalimu.

Kama kuna mwenye uoni hafifu, kila unachoandika ubaoni kisome kwa sauti. "Hii ukiitoa hapa unapata hii" haimsaidii, sema "kumi na tano ukitoa sita". Andika kwa herufi kubwa, chaki nyeupe, ubao uwe umepakwa rangi mpya usio na mng'ao. Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu pia, mkalishe mbele ila mbali na dirisha lenye mwanga mkali, mruhusu ainuke aende mpaka ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara, na jua letu la Dodoma mnalijua, michezo yake iwe kivulini, kofia pana na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo. Asieona kabisa anahitaji nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa kupapasa, na mwalimu aliyesomea. Buigiri pale Chamwino kuna shule ya wasioona ya miaka mingi, nendeni mkajifunze, sio lazima iwe kwa ajili ya kumhamisha mtoto tu.

Kwa kiziwi, usiongee ukiwa umeugeukia ubao, na usimame mahali ambapo mwanga unakupiga usoni, sio mgongoni. Jifunzeni darasa zima alfabeti ya vidole ya Lugha ya Alama ya Tanzania, watoto wanaipenda mno na wanaishika haraka kuliko sisi, na yule mtoto anapata marafiki badala ya mkalimani mmoja.

Anaetumia kiti mwendo au magongo, badilishaneni vyumba. Darasa lake liwe lile lisilo na ngazi na lililo karibu na choo, hata kama ni "darasa la la saba". Hakuna bajeti inayohitajika kuhamisha madawati.

Kifafa nakiweka hapa kwasababu nimeona hofu yake. Mtoto akianguka, ondoa vitu vikali karibu yake, mlaze ubavu, weka sweta chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu na usimuwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Angalia saa. Ikipita dakika tano akiwa bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni zahanati mara moja. Na waambie watoto mapema kabisa, kabla halijatokea: mate na mapovu yale hayaambukizi. Hii sentensi usiiruke, kuna watoto wameachwa wakaungua au wakaumia kwasababu kila mtu alikimbia.

Wasichana wakubwa, weka sodo na kanga kwenye kabati la mwalimu wa kike, basi. Na aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule, hilo lilitangazwa Novemba 2021, kwahiyo akija usimkalishe nyuma kama mfano wa kuogopesha wengine.

Kazi za vikundi ambazo kila mtu ana kazi

Shida ya vikundi ni kwamba mmoja anafanya wengine wanaangalia dari. Kuna mbinu ya Elliot Aronson, aliianzisha 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weusi, weupe na wa asili ya Mexico na wakawa hawaelewani. Kila mtoto kwenye kikundi anapewa kipande chake cha somo ambacho wenzie hawana, hivyo lazima wamsikilize.

Chukua kilimo cha zabibu, la tano au la sita. Karatasi nne: moja udongo na hali ya hewa, moja upandaji na ukataji matawi, moja uvunaji ambao huku kwetu ni mara mbili kwa mwaka, moja soko na usindikaji. Kwanza wenye karatasi inayofanana wanakutana, wanasoma pamoja, wanaulizana mpaka waielewe, kwa darasa kubwa wagawe kwenye makundi madogo madogo ya watoto sita hivi. Kisha kila mmoja anarudi kikundini kwake kufundisha. Asiyejua kusoma vizuri? Wenzie wenye karatasi kama yake wanamsomea mpaka aishike, alafu yeye ndo anaenda kuwafundisha wengine kwa mdomo. Mara nyingi huyo ndo mtoto wa mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, ameshika mkasi wa kukatia mizabibu tangu mdogo, na kwa mara ya kwanza darasa linamsikiliza yeye.

Simu yako

Nitakuwa mfupi. Smatifoni moja na spika ndogo ya bluetooth vinatosha. Jirekodi ukisoma hadithi, kundi moja lisikilize wakati wewe unafundisha jingine. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yao mtandaoni, pakua ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, ukuze maandishi kwa mwenye uoni hafifu. Piga picha daftari mwanzo na mwisho wa mwezi, kwenye vikao vya MEWAKA, yani mafunzo endelevu ya walimu kazini, peleka hizo picha mzijadili, ni bora kuliko kusomeana makabrasha.

Jaribio nalo liwe jumuishi

Ukitunga jaribio la hisabati la darasa la pili na la tatu, yasome maswali kwa sauti mara mbili. Unapima hesabu, hupimi kusoma. Mwenye uoni hafifu muandikie karatasi yake kwa maki peni na umuongezee muda, NECTA, Baraza la Mitihani wenyewe, wanafanya hivyo kwa watahiniwa wao, wanatoa maandishi makubwa, nukta nundu na muda wa ziada, kwahiyo mwalimu mwenzio akikuambia unapendelea una la kumjibu. Mwenye shida ya mkono ajibu kwa mdomo, wewe uandike.

Mdhibiti ubora akija na kukuta hakuna ukimya aliouzoea, mpe ile kaunta buku. Muonyeshe mtoto aliyekuwa silabi mwezi wa pili na sasa yuko aya. Na kwenye kikao cha wazazi usiishie kusema "wapelekeni watoto hospitali". Ulizia kwanza kituo cha afya siku ya mtaalamu wa macho, andika siku na saa kwenye karatasi, mkabidhi mzazi mkononi: "Baba, Jumatano saa mbili asubuhi, nimeshaongea na muuguzi, ukifika mtaje mwalimu wa darasa la nne."